Mkeka wa Jua wa Mbuchi

Watu wa kwetu Mbuchi wakiniuliza nafanya kazi gani Dar es Salaam, nawajibu kwamba napaka rangi ya bluu kwenye plastiki. Hucheka, wakidhani nawaficha jambo, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mimi ni fundi wa maabara kwenye chuo kimoja, upande wa kemia. Asubuhi navaa koti jeupe na glavu, nachukua kioevu kilichokoza kama bluu ya kufulia nguo, nakitandaza juu ya karatasi ya plastiki kwa upapi wa chuma, kisha naiingiza kwenye oveni ikauke. Ikitoka, bluu ile huioni tena mpaka uishike mbele ya dirisha. Umebaki utando mwembamba tu, na utando huo unapitisha umeme.

Kipande cha sola kinahitaji pande mbili za kuchukulia umeme, mbele na nyuma, na ule wa mbele lazima uwe angavu, la sivyo jua haliingii. Tunauita elektrodi ya mbele. Kwenye sola nyingi za kukunjika elektrodi hiyo ni utando wa madini. Unapitisha umeme vizuri sana, ila ni mkavu kama ganda la yai. Ukiikunja plastiki mara kwa mara, utando unapata nyufa ambazo jicho halizioni, na umeme unakatika. Huu wetu wa bluu ni polima, jamii ya plastiki, kwa hiyo unakunjika pamoja na plastiki iliyo chini yake. Ubaya wake ni kwamba unapenda maji. Umetengenezwa ndani ya maji, na ukipata mwanya unayarudia.

Mwalimu ninayefanya naye kazi ni mama mkemia, mwenye maneno machache na miwani anayoisahau kichwani. Tulikuwa tumeshazipima karatasi zetu za sola, zenye utando huo mbele, juu ya paa la chuo, na hapo zilifanya kazi bila taabu. Siku moja aliishika karatasi moja, akaikunja, akaikunjua, akasema, "Paa letu si shamba la mtu. Nataka mahali penye chumvi, unyevu na moshi, na watu wanaoitumia kweli, si wanaoitazama."

Nikamwambia, "Hapo umeelezea nyumbani kwetu, mwalimu."

"Nyumbani kwenu yuko nani?"

"Mama zangu wawili."

Alinitazama, nikamweleza. Baba alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza na hakujaliwa mtoto. Mama yangu aliolewa baadaye. Baba alipofariki, majirani walidhani kila mmoja atashika njia yake, lakini wale wawili waligawana kazi badala ya kugawana shamba, wakaendelea kulima pamoja. Mimi nimelelewa na wote. Mama alininyonyesha, mama mkubwa alinifundisha kupika, kupiga kasia na kusoma Kurani. Nilipokuwa mdogo, nikiita "mama" walikuwa wanaitika wote kwa pamoja, kisha wananuniana kidogo.

Kwetu, mto unapokutana na bahari, mpunga ukianza kuchanua, watu huhama kijijini na kwenda kukaa shambani. Unajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, na huko unaamia ndege wasile mpunga mchana kutwa na kusikilizia nguruwe giza likiingia. Maji yakijaa yanapita chini yako. Ukitaka kuchaji simu, unapanda mtumbwi kurudi kijijini, unaiacha dukani, unaifuata kesho yake. Nilishawahi kuwapelekea sola ya kioo. Ilipasuka kwenye mtumbwi kabla haijafika, iligonga ubao wa kukalia tulipokuwa tunateremka. Na hata ingefika nzima, paa la dungu ni makuti juu ya fito nyembamba. Kulipandisha zigo la kioo na chuma ni kulitafutia balaa.

Karatasi yetu niliibeba kwapani, nimeizungushia kanga. Nilipanda basi hadi Kibiti, kisha bodaboda, kisha mtumbwi. Mwenye mtumbwi aliniuliza kama ni ramani ya serikali, maana watu wa kupima ardhi hubeba vitu vya namna ile. Nilipomwambia ni sola, alisema, "Haya, leo tumesikia."

Mama zangu walikuwa wamekaa dunguni, kila mmoja upande wake na kamba yake ya kutishia ndege, ambayo mwisho wake umefungwa makopo. Niliwaamkia, nikaikunjua karatasi juu ya sakafu ya fito. Ilikuwa na ukubwa wa mkeka wa kuswalia, nyeusi kwa mbali, na ukiinama ukiitazama kwa ubavu inageuka bluu na zambarau.

Mama aliigusa kwa kidole kimoja. "Hii ndiyo umesomea miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haina uzito."

"Ndiyo maana nimeileta."

Ikawa zamu ya mama mkubwa. Aliiokota, akaikunja kama anavyokunja mkeka, akaiweka mapajani, akaikunjua tena. Aliridhika. "Mkeka wa jua," alisema, na jina likabaki hilohilo. Tuliufunga juu ya makuti kwa kamba, nikashusha waya hadi kwenye betri ndogo ndani, nikawaonyesha sehemu ya kuchomekea. Niliwaeleza pia kwamba nitakuja mara kwa mara kuupima, na kwamba wautumie wanavyotaka, wasiuonee huruma. Maneno ya mwalimu yalikuwa hayo. Wautumie.

Umeme wake haukuwa mwingi. Ulitosha taa na simu, au taa na redio, lakini si vyote pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwalimu alikuwa sahihi kusema paa la chuo si shamba la mtu, kwa sababu pale chuoni hakuna aliyewahi kugombania umeme wetu. Mama alitaka simu, anipigie mimi, dada zake na fundi cherehani wa Kibiti ambaye hajamalizia nguo yake. Mama mkubwa alitaka redio, asikilize mawaidha ya asubuhi na taarifa ya habari ya saa mbili. Walizozana, wakapangana siku, wakazozana tena juu ya siku ipi ni ya nani. Nilipoondoka walikuwa wameafikiana kwamba Ijumaa ni ya redio bila mjadala.

Nilikwenda mara kadhaa msimu ule. Kila nikifika nilipima, na namba zilikuwa zinashuka polepole, kama tulivyotarajia. Niligundua pia kwamba mama mkubwa alikuwa anaukunja mkeka kila jioni. Jua likianza kuinama, anapanda ngazi, anafungua kamba, anaukunja, anauingiza ndani na kuulaza ukutani. Asubuhi anautandaza upya.

Mama alilalamika mbele yangu. "Mwambie. Atauvunja. Kitu cha umeme kinakunjwakunjwa kama jamvi la msiba?"

"Umande ukiuangukia?" mama mkubwa alijibu. "Na tumbili je? Tumbili wa huku wanaacha kitu?"

Wote wawili walinigeukia. Nikasema umetengenezwa kwa kukunjwa, na kwamba kwetu sisi ilikuwa bahati kumpata mtu anayeukunja kila siku, maana hilo nalo ni jambo tulilotaka kulipima. Mama aliirudia kamba yake ya ndege, lakini nilijua hakuridhika.

Mara iliyofuata nilifika mchana, maji yakiwa yametoka na mtumbwi ukiburuzwa kwenye tope. Tangu mbali nilisikia sauti zao. Nilipokaribia niliona kwanza shamba: kona nzima ya upande wa mikoko imelala chini, mabua yamefukuliwa na kutafunwa, tope limechimbika. Nguruwe. Mama zangu walikuwa wamesimama chini ya dungu, tope likiwafika vifundoni, na mkeka wa jua ulikuwa umelala ngazini, umekunjwa.

Kwa kifupi, mkeka ulikuwa umekufa. Betri haikujaa, taa ikazimika, wakalala gizani. Nguruwe, ambao kwa kawaida walikuwa wakiogopa ile taa iliyoning'inizwa nje, waliingia wakala mpaka wakashiba. Kona ile ilikuwa na mpunga mzuri kuliko sehemu nyingine yote ya shamba, na ni mama aliyeupandikiza peke yake, wakati mama mkubwa akiwa na homa.

Niliwaamkia, hakuna aliyeitika sawasawa. Nilitoa kipimo kwenye begi, nikaukunjua mkeka juani, nikagusisha nyaya. Sindano haikusogea.

"Umeona?" mama alisema. Hakuwa anasema nami. "Nilisema. Kila siku kunja, kunjua, kunja, kunjua. Sasa tumekula hasara."

"Mtoto mwenyewe alisema unakunjika," mama mkubwa alisema.

Nikajaribu kuingilia. "Mama, siwezi kujua kilichouua mpaka tuufungue maabara. Inawezekana ni kitu kingine kabisa."

Mama hakunisikia. Alikuwa amechoka, hakulala, na mpunga wake ulikuwa matopeni. Alimtazama mke mwenzake, akasema, "Kila changu nikikuachia mikononi, hakiponi."

Sentensi ile ilikuwa fupi na aliisema bila kupaza sauti. Mama mkubwa alikuwa ameshika kamba ya makopo, aliiachia. Makopo yakapiga kelele, ndege wakaruka kutoka upande mwingine wa shamba.

Kabla yangu mimi alikuwepo kaka yangu. Sikumwona. Alikuwa ameanza kutambaa alipofariki kwa homa, na siku hiyo alikuwa mikononi mwa mama mkubwa, kwa sababu mama alikuwa amekwenda kwao. Nyumbani kwetu jambo hili lilijulikana kama vile inavyojulikana kwamba mto uko upande gani, halikuzungumzwa. Sijawahi kumsikia mama akimlaumu mtu. Sijawahi kumsikia mama mkubwa akijitetea. Baba alikuwa akimtaja mtoto yule kwenye dua tu.

Mama mkubwa alipanda dunguni, akashuka na mfuko wake wa nguo na redio. "Mwanangu," aliniambia, "nisindikize mpaka mtoni."

"Mama mkubwa, subiri kidogo, tuongee."

"Tumeshaongea. Nakwenda Dimani kwa mdogo wangu. Wana mihogo ya kumenya, hawana mikeka ya jua."

Nilimsindikiza. Mama alibaki palepale chini ya dungu, amegeukia mikoko. Tukiwa njiani mama mkubwa hakulia wala hakusema lolote kuhusu mama. Alinielekeza tu kwamba samaki aliowabanika wako kwenye tenga, niwageuze, na kwamba betri ile nisiiache chini maana panya wa dunguni wanatafuna nyaya. Nilimwingiza kwenye mtumbwi, nikabaki nimesimama kwenye tope mpaka ulipoingia kwenye kona ya mikoko.

Niliporudi mama alikuwa anainua mabua yaliyolala, moja moja, kazi isiyo na maana. Nikamsaidia.

Kesho yake niliubeba mkeka hadi Dar es Salaam. Nilimweleza mwalimu yaliyotokea, siyo yote, lakini ya kutosha. Alivua miwani akaniuliza, "Kwa hiyo kuna mtu anasubiri majibu?"

"Wapo wawili."

"Basi tusikisie."

Tuna mashine inayopitisha doa dogo la mwanga juu ya karatasi ya sola, mstari kwa mstari, huku kompyuta ikisoma umeme unaotoka kila mahali doa linapopita, kwa pini za mashine yenyewe, si kwa nyaya za karatasi. Mwisho inachora picha: palipo hai panakuwa njano, palipokufa panakuwa peusi. Kwa uzoefu wetu, karatasi iliyoharibika kwa kukunjwa huonyesha mistari myembamba iliyonyooka, inayokwenda sambamba na mkunjo, kwa sababu nyufa hufuata mkunjo. Nilikuwa nimeziona picha za namna hiyo nyingi, hasa za karatasi zenye ule utando wa madini.

Mashine ile ni ya taratibu sana. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitazama picha ikijichora kuanzia juu, na sitasema uongo, nilikuwa naomba Mungu nisione mstari. Katikati pakaja njano. Njano safi, mahali ambapo mkeka ulikunjwa mara nyingi kuliko popote. Mistari haikuwepo. Weusi ulianzia kwenye pembe moja, ile inayotokea nyaya, ukaenea kuelekea ndani kwa umbo la mto unaoingia kwenye mikoko, wenye vijito pembeni. Na kwa kuwa umeme wote hutokea kwenye pembe hiyo, ilipokufa hiyo, umeme wa sehemu nyingine zote haukuwa na pa kutokea.

Tuliifungua pembe. Gundi inayozunguka nyaya ilikuwa imeachia. Hewa ya chumvi ya kwetu imeingia humo, maji yakaingia nyuma yake, na ule utando wa bluu ukayanywa, ukavimba, ukabanduka kutoka kwenye chuma kinachopokea umeme. Mwalimu aliugusa kwa kibano, ukamenyeka kama ngozi ya ndizi iliyoiva sana. Akajaribu katikati. Hapakubanduka kitu.

"Hapa pamekunjwa kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, msimu mzima."

"Mpe hongera huyo mama," alisema, akaandika. Kwake yeye yalikuwa majibu mazuri na majibu mabaya kwa pamoja: elektrodi inavumilia mkono wa mtu, haivumilii maji. Kuanzia siku ile tulihamishia akili yote kwenye gundi ya pembeni na kwenye namna ya kuupunguzia ule utando kiu yake ya maji. Lakini mimi nilichapisha ile picha kwenye karatasi, nikaomba ruhusa.

Nilianzia Mbuchi. Mama alikuwa peke yake dunguni, amezishika kamba zote mbili. Nilimwonyesha picha, nikamweleza weusi ni nini na njano ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, "Kwa hiyo siyo mikono yake?"

"Siyo mikono yake, mama."

Aliendelea kuvuta kamba, makopo yakilia, ndege wakiruka na kutua. Baadaye akasema, "Kesho jirani ataniamia ndege. Twende Dimani."

Nilimwambia naweza kwenda mwenyewe kumpelekea habari, asiache shamba. Akanijibu, "Wewe unapeleka picha. Mimi nina yangu ya kupeleka."

Tulifika Dimani baada ya swala ya adhuhuri. Mama mkubwa na mdogo wake walikuwa wamekaa uani wanamenya mihogo. Tulipiga hodi, mdogo wake akatukaribisha kwa shangwe. Mama mkubwa alimwona mama, akashusha macho kwenye kisu chake, akamalizia muhogo alioushika. Kisha akanyanyuka, akaleta mkeka, akautandika mbele ya mama.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Dar hamli?"

Nilitoa picha. Nilimwonyesha pembe, waya, weusi. Alifuata kwa ncha ya kidole chenye maji ya mihogo, na karatasi ikalowa kidogo.

"Na mistari ya kukunja iko wapi?"

"Haipo. Tumeitafuta hatukuiona."

"Mmetafuta vizuri?"

"Vizuri sana. Mwalimu wangu anakupa hongera."

Aliitazama tena, kisha akamnyooshea mama. "Bibi, umesikia?"

"Nilishasikia nikiwa Mbuchi," mama alisema.

"Kumbe. Sasa huku umefuata nini, kama umeshasikia?"

Mama alikuwa ameikunja mikono ndani ya kanga. "Nimefuata lile jingine," alisema.

Mdogo wake mama mkubwa alibeba sufuria akaingia ndani. Mimi nilitaka kumfuata, lakini mama mkubwa akanishika kanzu. "Kaa. Wewe ni mtu mzima sasa." Akamgeukia mama. "Lile jingine ni la zamani. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu lilinitoka mdomoni. Halijawahi kunitoka."

"Lakini lilikuwemo moyoni?"

"Lilikuwemo."

"Haya," mama mkubwa alisema. "Angalau hunidanganyi." Aliweka kisu chini. "Homa ya mtoto ilipamba moto asubuhi. Nikamfunga mgongoni, nikaenda mtoni, maji yametoka, mtumbwi uko juu ya tope. Nikaita watu tukausukuma. Ulikwama. Nikakaa naye palepale nimemfunika kwa mtandio, nikingoja maji yajae. Maji yalijaa yeye keshakwisha."

"Najua," mama alisema. "Niliambiwa na waliousukuma."

"Sasa kama ulijua, mbona mimi hukuniuliza hata siku moja?"

Mama alilia kabla ya kujibu. Sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa baba. "Ningekuuliza wewe, ungeniuliza na mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa nacheza ngoma."

"Nisingekuuliza."

"Nilijua usingeniuliza. Ndiyo maana niliogopa zaidi."

Mama mkubwa hakumkumbatia, si tabia yake. Alichukua muhogo kwenye rundo, akampa mama pamoja na kisu, mwenyewe akachukua kisu kingine, wakaendelea kumenya. Baada ya kitambo mama aliuliza mihogo ile ni mitamu au michungu, mama mkubwa akasema mitamu, na mdogo wake akatoka na chai. Tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Mazungumzo yakawa ya bei ya korosho na binti wa jirani anayechumbiwa.

Mama mkubwa hakurudi nasi siku ile. Alisema amemwahidi mdogo wake kumaliza kazi, na ahadi ni ahadi. Mama alirudi shambani peke yake na mimi nikarudi Dar es Salaam. Nilikuwa na wasiwasi, nikimpigia mama kila nilipoweza, kwa simu ya jirani. Kisha asubuhi moja, tukiwa tunajaribu gundi mpya, simu ikaingia. Alikuwa mama mkubwa.

"Mpunga umekomaa," alisema. "Mama yako anauvuna vibaya, anaacha masuke. Nimerudi."

Nyuma yake nilimsikia mama akipinga kwa Kindengereko, lugha yetu ya nyumbani.

Msimu uliofuata niliwapelekea mkeka mwingine. Safari hii pembe zote tulizifunika kwa gundi tofauti, na juu ya elektrodi ya bluu mwalimu aliongeza utando wa kuizuia isivute unyevu, ingawa ulipunguza umeme kidogo. Ulidumu zaidi ya wa kwanza. Haukudumu kama wa kioo unavyodumu, na sina budi kulisema hilo kila mtu anaponiuliza kama ataweza kuununua dukani. Bado hauko dukani. Tunaendelea kuupima Mbuchi, na sasa pia kwa jamaa mmoja Chumbi, ambako kuna vumbi badala ya chumvi, na vumbi lina vituko vyake.

Mama sasa ana mtoto wa jicho, na daktari wa Kibiti amesema afanyiwe upasuaji baada ya mavuno. Mama mkubwa ndiye atakayempeleka. Wameshapanga watakapofikia, chakula watakachobeba, na nani atabaki na kuku. Mimi nimeomba likizo niwe nao siku hiyo, lakini wamenijibu wote kwa pamoja kwamba sina haja ya kuja, nifanye kazi.